KWA NINI MAGUGU MAGENI HUSTAWI
Somo kwa wakazi kuhusu ukuaji wa mimea vamizi na kinga yake dhidi ya wadudu

Shamba la mihogo au la minazi likiachwa bila palizi kwa misimu miwili, haliwi tupu. Hujaa mimea ambayo haikupandwa na mtu, na sehemu kubwa ya mimea hiyo haina asili ya pwani ya Tanga. Miongoni mwake imo lantana, kichaka chenye majani ya kukwaruza, harufu kali na maua madogo ya njano, waridi na machungwa yaliyokusanyika pamoja. Asili yake ni Amerika ya joto. Ilisambazwa duniani kama ua la bustani na uzio wa nyumba, kisha ndege wakala matunda yake meusi na kuzitawanya mbegu mashambani.

Anayeichunguza lantana kwa makini huona jambo la kustaajabisha. Mara nyingi majani yake ni mazima, hali kunde na bamia zilizo jirani zimetobolewa na viwavi na panzi. Je, wadudu hawa wanaipendelea lantana? La. Sababu ni ya kisayansi, na mkulima akiielewa atajua ni njia zipi za kupambana na magugu haya zina faida na ni zipi zinampotezea nguvu na fedha.

Bajeti ya mmea

Mmea hauwezi kukimbia. Mdudu akitua juu ya jani, mmea hubaki palepale, na ulinzi wake wote hutegemea kile ulichokwisha kukijenga ndani ya mwili wake: miiba, nywele, ngozi ngumu ya jani, utomvu unaonata, au sumu. Vitu hivi vyote vina gharama. Sukari inayotengenezwa na jani kwa nguvu ya jua, na naitrojeni inayofyonzwa na mizizi kutoka ardhini, ndizo malighafi za majani mapya, mizizi na mbegu. Malighafi hizohizo ndizo zinazotumika kutengeneza sumu na miiba. Kinachotumika upande mmoja hakiwezi kutumika tena upande wa pili.

Mwaka 1992 wataalamu wawili wa Marekani, Daniel Herms na William Mattson, waliieleza hali hii kuwa ni mtihani wa kila mmea: kukua au kujikinga. Wahenga waliusema ukweli wa namna hiyo zamani: mshika mawili moja humponyoka. Mmea unaotumia sana katika kukua huwapita majirani zake na kuwafunika kivuli, lakini huliwa kwa urahisi. Mmea unaotumia sana katika kujikinga hauguswi na wadudu, lakini unaweza kuachwa nyuma katika mashindano ya kugombea mwanga.

Wakulima wa pwani wanao mfano wa kinga hii katika muhogo. Muhogo mchungu umebeba kiasi kikubwa cha kemikali ambazo hutoa sianidi pale mzizi au jani linapotafunwa, na ndiyo maana wanyama waharibifu huuacha na kuufuata ule mtamu. Uchungu ule ni silaha. Mwanadamu amejifunza kuuondoa kwa kumenya, kuloweka na kuanika juani, lakini mdudu hana sufuria wala jua la kuanikia.

Mgeni aliyewaacha adui zake

Katika nchi ya asili yake, kila mmea una maadui waliouzoea. Kuna fukusi wanaotoboa shina lake, viwavi wa majani yake, wadudu wa mbegu zake na ukungu wa mizizi yake. Mbegu au kipande cha shina kinapovushwa bahari, wengi wa maadui hao hubaki nyuma. Mwanasayansi Mwingereza Charles Elton, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu uvamizi wa wanyama na mimea, aliwafungulia watafiti mlango wa kulichunguza jambo hili kwa kina. Hoja yake inafahamika hadi leo: kiumbe kigeni hupata nafasi kwa sababu pale kinapofikia hakuna wa kukizuia.

Mkoa wa Tanga una mfano wake wa kihistoria. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na miche hiyo michache yakachipuka mashamba makubwa yaliyoipa Tanga jina duniani. Mkonge ulifika bila maadui wake wa Amerika. Lakini hali haikudumu hivyo: fukusi wa mkonge, mdudu wa asili ya Meksiko, alikuja kuufuata. Viluwiluwi vyake hutoboa kitako cha mmea na kuua miche michanga, na wakulima wa mkonge wamelazimika kupambana naye. Aliyewahi kuuona mche wa mkonge ukinyauka kwa sababu hiyo ameshuhudia faida ya kuwa mbali na adui, na hasara ya adui kuwasili.

Mfano wa pili uko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia mwaka 1902 na kupanda mimea ya kila pembe ya dunia. Baadhi ya mimea hiyo ilitoroka bustanini na kuingia msituni. Mmoja wa wageni wanaoonekana leo katika misitu hiyo ni kichaka cha Amerika kiitwacho kitaalamu Clidemia hirta. Huko Kosta Rika, kwenye asili yake, kichaka hiki huonekana mahali palipo wazi na ni nadra kukikuta chini ya kivuli cha msitu. Katika visiwa vya Hawaii, ambako ni mgeni, hujaa hata chini ya miti mikubwa.

Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2004 walipanda miche ya kichaka hicho katika nchi zote mbili, kisha wakainyunyizia baadhi ya miche dawa ya kuua wadudu na ukungu. Kule Kosta Rika, miche ya kivulini iliyonyunyiziwa dawa ilinusurika kwa wingi zaidi kuliko ile iliyoachwa bila dawa. Kule Hawaii dawa haikuleta tofauti, kwa kuwa maadui wenyewe hawakuwapo. Kwa hiyo, kilichokizuia kichaka hiki kuingia msituni kwao ni wadudu na magonjwa, na wala si upungufu wa mwanga peke yake.

Vizazi hubadilika

Je, mmea ulioishi vizazi vingi bila maadui huendelea kulipa gharama ya ulinzi usiohitajika? Mwaka 1995 Bernd Blossey na Rolf Nötzold walitoa jibu lililoamsha utafiti mwingi. Walisema kwamba pasipo wadudu, miche inayotumia kidogo katika kinga na kingi katika ukuaji itazaa kuliko mingine, na baada ya vizazi kadhaa mimea ya namna hiyo ndiyo itakayotawala. Mgeni basi hapumziki tu kwa kukosa maadui. Hubadilika kimaumbile na kuwa mkubwa zaidi.

Ushahidi mmoja ulio wazi unatoka kwa gugu liitwalo Ageratina adenophora, la asili ya Meksiko, lililovamia China na India. Watafiti walioongozwa na Feng Yulong walilinganisha mimea kutoka nchi hizo tatu, na wakatoa matokeo yao mwaka 2009. Mimea ya China na India iliweka naitrojeni kidogo zaidi katika kuta za seli, ambazo ndizo ngome ya jani, na naitrojeni nyingi zaidi katika viungo vinavyotengeneza chakula kwa mwanga. Kwa lugha ya nyumbani, gugu lile lilipunguza matumizi ya ukuta na kuongeza matumizi ya jiko.

Mabadiliko hayo yanaweza kugeuka pia. Amerika ya Kaskazini ilipokea kutoka Ulaya mmea wa jamii ya karoti wenye kemikali kali za kujikinga. Kiwavi wake wa Ulaya aliufuata huko baadaye, na alitambuliwa mwaka 1869. Arthur Zangerl na May Berenbaum walipima kemikali katika vielelezo vikavu vya mmea huo vilivyohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 150. Katika matokeo yao ya mwaka 2005 walionesha kwamba sumu ilikuwa ndogo kabla ya kiwavi kufika, kisha ikaongezeka baada ya hapo. Mmea ulipoonana tena na adui wake, ulianza tena kulipa gharama ya ulinzi.

Si kila mmea vamizi hufuata kanuni hii sawasawa. Majaribio yamefanywa kwa mimea mingi na matokeo yamegawanyika: baadhi imekuwa mikubwa na laini zaidi kuliko ndugu zake wa asili, mingine haikubadilika. Somo linalobaki imara ni kwamba kinga ina gharama, na mmea hunufaika pale unapoweza kuikwepa.

Sumu haiondoki yote

Hapa ndipo penye hatari kwa mfugaji. Mtu anaweza kudhani kwamba gugu lililopunguza kinga ni malisho mazuri. Si hivyo, kwa sababu maadui wa mmea ni wa aina mbili. Wapo wachaguzi, yaani wadudu walioishi na mmea mmoja kwa muda mrefu hata sumu yake haiwadhuru. Na wapo wasiochagua, kama panzi, konokono na mbuzi, wanaokula mimea mingi na ambao sumu huwazuia. Mmea unapohama huwaacha wachaguzi, lakini wasiochagua huwakuta kila uendako. Kwa hiyo mmea vamizi unaweza kupunguza silaha za gharama kubwa zilizoelekezwa kwa wachaguzi, na kubakisha au hata kuongeza sumu inayowafukuza wengine.

Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2005 katika gugu moja la Ulaya lenye sumu kwa ng'ombe. Katika Australia, New Zealand na Amerika ya Kaskazini, ambako ni geni, gugu hilo lilikutwa na sumu nyingi zaidi kuliko kwao, lakini likiwa dhaifu zaidi mbele ya wadudu wake wachaguzi.

Lantana nayo imebakisha silaha zake. Majani yake yana sumu inayoharibu ini la ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mnyama aliyeathirika huacha kula, macho na utando wa mdomo hugeuka manjano, na ngozi isiyo na manyoya mengi hubabuka inapopigwa na jua. Mifugo hula lantana hasa pale malisho mengine yanapokwisha wakati wa kiangazi. Mfugaji anayeona dalili hizo amwondoe mnyama juani, amweke kivulini na kumwita afisa mifugo bila kuchelewa. Watoto nao waonywe wasile matunda mabichi ya kichaka hicho.

Mwarobaini unafundisha jambo hilohilo. Kila kaya ya pwani inaufahamu kwa dawa zake, na uchungu wake ni kinga kali inayowazuia wadudu wengi kula na kukua. Asili yake ni India na Myanmar. Hapa pwani unakua haraka huku ukiwa umejilinda, mbegu zake husambazwa na ndege na popo, na katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani unahesabiwa miongoni mwa mimea vamizi. Mti wenye manufaa uani unaweza kuwa mzigo msituni.

Kumrudisha adui kwa utaratibu

Ikiwa gugu limestawi kwa kuachana na adui wake, basi njia moja ya kulidhibiti ni kumleta adui huyo. Wakazi wengi wamesikia habari za gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini ambao katika Tanzania uliripotiwa mapema katika mito Sigi na Pangani, miaka ya 1950, kabla ya kulitikisa Ziwa Victoria. Aina mbili za fukusi kutoka kwao zilichunguzwa na kuachiwa ziwani humo: Uganda mwaka 1995, Kenya na Tanzania mwaka 1997. Fukusi wakubwa hukwangua majani, na viluwiluwi vyao hutoboa vikonyo. Fukusi hao, wakisaidiwa na hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998, waliyapunguza sana magugu yaliyokuwa yameziba mialo. Gugumaji halikutoweka, na limerudi mara kadhaa mahali ambapo maji yana rutuba nyingi, lakini sasa linakua huku likiliwa.

Kwa lantana kazi imekuwa ngumu. Tangu mwaka 1902, wadudu wake walipopelekwa Hawaii kutoka Meksiko, nchi nyingi zimejaribu njia hiyo na mafanikio yamekuwa ya kiasi. Sababu mojawapo ni kwamba lantana ya leo ni mchanganyiko wa aina nyingi uliotokana na bustani za Ulaya, na mdudu anayependa aina moja huidharau nyingine. Uganda ilipata pia onyo katika miaka ya 1960: mdudu mdogo mfyonza majani aliyeletwa kwa ajili ya lantana aliongezeka sana huko Serere, na majani ya lantana yalipokwisha akahamia kwenye mashamba ya ufuta. Shambulio lile lilikuwa la muda, lakini lilionesha kwa nini mdudu hupaswa kupimwa kwa mimea mingi kabla ya kuachiwa.

Kwa sababu hiyo, mkazi asihamishe wadudu kutoka wilaya nyingine wala kuleta mimea kutoka nje ya nchi kwa hiari yake. Kazi ya kuidhinisha viumbe hao iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Mambo ya kufanya shambani

Maarifa haya yanageuka kuwa hatua zifuatazo, ambazo kila kaya inaweza kuzitekeleza:

1. *Kulifilisi gugu.* Gugu vamizi hutegemea akiba iliyo kwenye mizizi na shina. Kukata mara moja hulifanya lichipue upya; kukata tena kila linapochipua huimaliza akiba. Lantana ing'olewe pamoja na kitako chake, hasa wakati wa masika na vuli udongo unapokuwa laini.

2. *Kuwahi kabla ya matunda.* Kichaka kilichoondolewa kikiwa na maua hakiachi mbegu kwa ndege. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. *Kutoacha ardhi wazi.* Mmea uliochagua kukua kwa haraka unahitaji mwanga. Mahali palipong'olewa lantana pafunikwe upesi kwa kunde, viazi vitamu au miti ya asili itakayotoa kivuli.

4. *Kutochoma moto.* Moto huua mimea ya asili iliyo jirani na kufungua nafasi ambayo lantana huijaza mapema kuliko wengine.

5. *Kutopulizia magugu dawa ya wadudu.* Dawa hiyo huua wale wachache wanaolila gugu na hivyo kulisaidia. Dawa ya wadudu itumike kwenye mazao tu, kwa ushauri wa afisa ugani.

6. *Kuuhudumia mwarobaini kwa mpaka.* Miche inayoota vichakani na kando ya misitu ing'olewe ikiwa midogo, kwa maana mti mkubwa ukikatwa huchipua. Mbegu zake hupoteza uhai baada ya wiki chache, hivyo kufagia matunda yaliyoanguka ni kazi yenye faida ya haraka.

7. *Kuacha kupanda uzio wa lantana.* Ipo mimea mingine ya uzio isiyotoroka, na afisa ugani anaweza kuitaja.

8. *Kuyaheshimu magofu.* Mimea iliyoota kwenye kuta za msikiti na makaburi ya kale ya Tongoni isivutwe na mtu asiye mtaalamu, kwani mizizi iliyopenya kwenye chokaa huweza kubomoka pamoja na ukuta. Taarifa ipelekwe kwa wasimamizi wa eneo hilo.

Wakazi wawe macho pia kwa gugu karoti, mmea wenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe, uliotambuliwa Arusha mwaka 2010. Huwasha ngozi, huathiri pumzi na huharibu ladha ya maziwa ya mifugo inayoula. Anayeuona asiung'oe kwa mikono mitupu. Avae glavu na kutoa taarifa.

Zoezi kwa shule na vikundi vya wakulima

Wanafunzi au wanakikundi wachague kichaka kimoja cha lantana na mmea mmoja wa asili ulio karibu nacho. Katika kila mmea wachukue majani 50 bila kuchagua, yaani wasitazame uzuri wala ubovu wa jani. Wahesabu majani yenye matobo, yaliyokwanguliwa au yaliyokunjwa na wadudu, na kuandika idadi hiyo pamoja na tarehe. Zoezi lirudiwe wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litaonesha ni mmea upi unaolipa wadudu kodi na upi unaoishi bila kulipa, na iwapo hali hiyo inabadilika.

Daftari la namna hiyo lina thamani hata kwa wataalamu. Siku mdudu mpya atakapoanza kuila lantana au zao lolote katika kata, watakaomwona kwanza ni wale waliozoea kuyatazama majani. Mwenye taarifa, mche asioutambua au mfugo wenye dalili zilizotajwa afike ofisi ya mtendaji wa kata, ambako ataelekezwa kwa afisa ugani au afisa mifugo.